Povu Lisilo la Sabuni

Kabla ya alfajiri, karai la uani liligonga ukuta mara moja, taratibu, kama limeguswa na mtu anayepita. Kisha ikafuata sauti ya kufikicha nguo. Fiki, fiki, fiki. Ikakoma kidogo, ikaanza tena.

Dobi alikuwa macho. Siku hizi usingizi wake ulikatwakatwa na safari za chooni, hata mumewe alikuwa amemsogezea malapa karibu na mlango ili asihangaike kuyatafuta. Alilala akisikiliza. Alikuwa amefua nguo za watu tangu ujana wake, na sauti ya kufikicha aliijua kama mama anavyojua kikohozi cha mwanawe. Huyo aliyeko uani, aliwaza, anafua kitambaa chepesi sana, na amechoka.

Akavaa sweta, akatoka.

Kwenye ukingo wa karai zilikuwa zimekaa figo zake mbili. Kila moja ilikuwa sawa na ngumi yake, rangi ya maharage yaliyoiva, na zilikuwa zimeinama zikifikicha kitambaa kimoja, hii inavuta huku na ile inavuta kule. Maji ya kwenye karai yalikuwa na wekundu wa mbali.

"Hamjambo," alisema Dobi.

"Hatujambo, mama. Tusamehe kwa kelele," ilijibu figo ya kulia. Ilikuwa na sauti ya mtu mzima aliyelelewa vizuri.

"Nilikuambia tupite kimyakimya," ilisema ya kushoto. "Wewe na huo mgongo wako mpana."

Mumewe Dobi, ambaye alikuwa fundi wa baiskeli na mtu wa maneno machache, alitoka na mswaki mdomoni. Akaziangalia. Akarudi ndani, akaleta kigoda walichokalia wajukuu wakija, akakifuta kwa mkono wa shati lake.

"Ukingo wa karai unaumiza," alisema. "Kaeni hapa." Kisha akaenda kuchemsha maji ya chai.

Dobi alichuchumaa. "Mbona mko nje?"

"Ndani hakukaliki," ilisema figo ya kulia. "Damu inakuja kwa kishindo, mchana na usiku. Sisi kazi yetu ni kuichuja, na tunaipenda. Lakini tazama mwenyewe."

Ikampa kile kitambaa cha kuchujia. Dobi alikinyanyua mbele ya taa, kama alivyofanya kazini kila shuka ilipotoka kwenye mashine. Kilikuwa kitambaa chembamba kuliko vyote alivyowahi kushika. Sehemu kubwa ilikuwa nzima, lakini hapa na pale nyuzi zilikuwa zimeachana, na mahali pengine palikuwa pamekakamaa kama kovu. Hakuuliza maswali. Kwenye kiwanda cha kufulia shuka za hoteli alikofanya kazi kulikuwa na mpira wa maji ya kasi wa kutolea madoa sugu, na kila dobi alijua kwamba shuka inayopigwa na ule mpira kila siku haichaniki kwa kelele. Inapungua tu, kimyakimya, mpaka siku moja mkono unapita.

"Hii ni presha," alisema.

"Ni presha," ilisema ya kushoto. "Na vile vidonge vyako vyekundu vya mgongo, ndio kabisa. Ukimeza viwili, sisi tunaona nyota."

"Na vile vya presha?"

Figo zilitazamana.

"Vile tunavipenda sana," ilisema ya kulia kwa upole. "Ila vinakuja kama wageni. Kichwa kikiuma, vinakuja. Ikifika wiki ya kliniki, vinakuja vyote, tunafurahi, tunapumzika. Unapimwa mkono, unasifiwa, halafu hatuvioni tena. Mama, hiyo presha ulikuwa unaitunza kwa ajili ya Sista. Si kwa ajili yetu."

Ilikuwa kweli. Sista, muuguzi wa kliniki, alikuwa mwanamke mpole aliyefanya kazi za watu wengi peke yake, na Dobi hakupenda kumwongezea huzuni. Kila alipokaribia kwenda, alimeza vidonge kama ipasavyo, ili kipimo kitoke kizuri na Sista atabasamu.

"Kichwa hakikuniuma," Dobi alisema. "Nikajua nimepona."

"Kichwa kinajua nini?" ilisema ya kushoto. "Sisi ndio tulikuwa tunakuletea habari. Kila siku. Hukuliona povu?"

"Povu gani?"

Figo ya kushoto ilinyoosha kidole, au kitu kilichokuwa mahali pa kidole, kuelekea chooni.

Dobi alikaa chini kabisa, palepale kwenye saruji iliyolowa. Povu alikuwa ameliona. Lakini nyumbani kwake choo kilimwagiwa maji yaliyokwisha kufulia, na kiwandani vyoo vyote vilipokea maji ya mashine, na tangu awe msichana hakuwahi kukojoa mahali pasipo na povu. Povu kwake lilikuwa kama vumbi kwa mwashi. Alikuwa akilitazama kila asubuhi na kusema moyoni kwamba ile sabuni mpya ni nzuri, haiishi nguvu upesi.

"Ulidhani ni sabuni," ilisema figo ya kulia, bila kulaumu.

"Nilidhani ni sabuni."

Fundi alileta chai, kikombe cha mkewe na visahani viwili vya maji safi. Wakanywa wote. Kulipoanza kupambazuka, figo zilikikamua kitambaa, zikajifuta, zikaanza kupanda mgongoni mwa Dobi kurudi mahali pao. Ya kulia ilifika kwa tabu. Ya kushoto iliteleza, ikajaribu tena, ikateleza. Fundi aliweka kikombe chini, akaibeba kwa viganja viwili, akaipandisha.

"Asante, baba," ilisema. Halafu, kabla haijaingia, ikamwambia Dobi sikioni: "Kupanda tunazidi kushindwa. Siku tukishindwa kabisa tutabaki hapa uani, na wewe utabaki huna mtu wa kukufulia."

Dobi alijua hali hiyo ikoje. Dada yake mkubwa alikufa amevimba miguu na uso, na watu walisema ni moyo, wengine wakasema ni kijicho cha majirani. Dada alikuwa amepanga chumba kisicho na ua. Pengine figo zake nazo zilitoka, zikakosa pa kukaa.

Asubuhi hiyo Dobi hakwenda kazini. Alikwenda kliniki, siku ambayo si yake na bila kumeza chochote.

Benchi lilikuwa limejaa. Mzee mmoja mwenye kofia ya sufu alisogea, akavua kofia akafuta nayo mahali palipomwagika uji wa mtoto, kisha akamwonyesha akae. "Karibu mwanangu. Pana joto, nimekupashia," alisema. Dobi akacheka, akakaa.

Sista alimfunga mkono, akabonyeza, akatazama, akarudia.

"Mama, leo imepanda sana. Mbona siku zote uko vizuri?"

"Siku zote nilikuwa nameza kwa ajili yako, Sista. Siku nyingine kichwa ndicho kinachoamua."

Sista hakugomba. Alivuta kiti chake karibu, akamshika mkono uleule aliotoka kuupima. Dobi akamweleza habari za karai, za kitambaa na za povu. Sista alisikiliza huku akiitikia kwa kichwa, kama mtu anayeelezwa kikohozi.

"Unahitaji kupimwa mkojo na damu," alisema. "Mkono haunielezi habari za figo. Tatizo ni chumba."

Wakaenda wote mpaka mwisho wa korido. Mlango wa chumba cha vipimo ulikuwa na kufuli. Fundi maabara alikuwa amehamishwa, ufunguo ukahamishwa naye, na ofisi kuu ilikuwa imeahidi kuleta mwingine. Ahadi hiyo ilikuwa ya zamani kiasi kwamba buibui walikuwa wameifanya makazi. Chini ya mlango palikuwa na bakuli la maji, nusu nje nusu ndani.

Ndani kulisikika minong'ono, na kitu kama miguu midogo inayobadilishana uzito kwa kusimama sana.

"Ni figo za wagonjwa," Sista alisema. "Zilikuja zenyewe kupimwa, zikaingia kwa dirisha la juu lililovunjika kioo. Nimezisihi zitoke, zinasema haziwezi, zimepanga foleni. Kila asubuhi naziwekea maji."

"Wenyewe wanajua?"

"Wengi wao ndio hao kwenye benchi. Nawapima mikono, nawaambia wako salama. Mama, hilo neno salama linanikaa kooni."

Dobi alichutama, akalisukuma bakuli vizuri lisimwagike.

Sista alimpa kichupa cha mkojo, kisha akamtoa damu. Jioni Sista alipotoka kazini alivitia vichupa kwenye mfuko wake wa chakula, akavipakata kwenye basi mpaka hospitali kubwa upande wa pili wa mji, ambako alikuwa na rafiki maabara. Hakuna aliyemwagiza. Majibu aliyaleta mwenyewe kiwandani, akiwa bado na viatu vya kazi.

"Figo zimeumia," alisema. "Zinavujisha protini, na hilo ndilo povu. Kovu lililopo litabaki. Lakini sehemu kubwa bado inafanya kazi, na hiyo tunaweza kuilinda. Daktari wa kule hospitali amebadili dawa, hii inashusha presha na kuzikinga figo pia. Kila siku, mama. Kichwa kiume kisiume, uje kwangu usije. Vile vyekundu basi. Na chumvi uipunguze."

"Nitaimeza kwa ajili yao," alisema Dobi.

"Hapo sawa," kilisema kitu fulani upande wa kushoto wa mgongo wake.

Vile vyekundu vilikaa kwenye kopo, juu ya rafu ya kiwandani, juu ya pasi. Msimamizi ndiye aliyelijaza kopo lile kila lilipoisha, kwa moyo mweupe kabisa, kwa sababu kuinua shuka zilizolowa kunaua mgongo na yeye hakupenda kuona watu wanaumia. Kila dobi alipita akachukua. Dobi sasa alipita bila kuchukua, na mgongo ukamuuma, akajifunga kitambaa cha moto kiunoni akaendelea.

Chiriku, mpiga pasi, aliyeitwa hivyo kwa sababu mdomo wake haukuwahi kupumzika, hakuliacha hilo lipite.

"Tazameni malkia wetu! Kidonge kwa saa, chumvi haitaki, na kiunoni kajifunga kama bi harusi. Shoga, umeposwa tena?"

"Nimeposwa na figo zangu," alisema Dobi. "Na wewe zako zitakuposa. Ukikojoa unaona povu?"

"Si sote tunaona povu? Tunaoga povu, tunakula povu. Mimi nikipiga chafya, mnaweza kufua soksi."

Wanawake wakacheka mpaka wakaegemea meza. Dobi naye akacheka, akasubiri wamalize. Kisha akawaambia.

Hakuna aliyeshangaa kuhusu karai. Walichonyamazia ni sabuni. Walitazamana mmoja mmoja, na kila mmoja alionekana anahesabu asubuhi zake.

Dobi alimwomba msimamizi choo kimoja, kile cha mwisho, kisipokee maji ya mashine bali maji safi. Msimamizi alikuna kichwa.

"Maji safi ni ya kazi, mama yangu. Nikianza kuyamwaga chooni, huko juu watanila nyama."

Hakuwa mtu mbaya, na huko juu wangemla kweli. Kwa hiyo wanawake walisugua kile choo mpaka kikang'aa, wakaziba mfereji wa maji ya sabuni kwa tambara, na kila mmoja akaja na chupa ya maji safi kutoka kwake. Walipanga foleni kama watu wanaokwenda kupiga picha. Walitoka wakicheka, wa kwanza, wa pili, na waliofuata. "Maji matupu!" walisema. "Kama chemchemi!"

Chiriku aliingia akiimba. Wimbo ukakatika. Alikaa humo muda mrefu, na alipotoka hakusema neno, na kiwanda kizima kikasikia mashine kwa mara ya kwanza.

"Limekaa," alisema mwishowe. "Nimelisubiri liondoke. Limekaa tu, linaniangalia."

Dobi alimshika mkono. "Sista anawapima pia wanaokwenda bila miadi. Twende."

Presha ya Chiriku ilikuwa juu, na hakuwahi kujua kwamba anayo. Jioni ile mfuko wa Sista ulikuwa na vichupa viwili zaidi ya chakula chake, kwa sababu mkunja shuka mmoja naye alikuwa ameona jambo. Majibu yalipokuja, Dobi aliwapeleka wote wawili mpaka mwisho wa korido, akagonga mlango wenye kufuli.

"Figo za Chiriku, mpiga pasi!" aliita. "Mmeshapimwa!"

Kulikuwa na hekaheka ndani. Kwenye dirisha la juu zikatokeza figo mbili, zikaruka, Chiriku akazidaka kwenye aproni yake.

"Kumbe mlikuwa huku!" alisema, na sauti yake ikarudi yote. "Mimi nahangaika na mgongo, nyinyi mmekaa huku mnapiga soga!"

"Tumerithi kwako," zilijibu.

Za mkunja shuka nazo zikashuka. Watu wa kwenye benchi walipiga makofi. Chiriku alianza tembe zake siku hiyohiyo, na kwa kuwa hakuweza kufanya jambo bila kulitangaza, kila asubuhi alisimama juu ya kiti, akameza mbele ya kiwanda kizima, akatoa ulimi kuthibitisha. Waliokuwa na presha wakasimama naye, nao wakameza. Kopo la vidonge vyekundu likabaki limejaa. Msimamizi alilishusha, akalitazama, akawanunulia mikanda ya kiunoni.

Siku zikaenda, mvua zikaja zikakoma. Kisha alfajiri moja karai likagonga ukuta tena.

Dobi alikuta figo zimesimama, hazikukaa. Zilikuwa zimekunjua kitambaa chao na kukishika pembe nne, kama watu wanaotaka kukunja shuka.

"Tazama," ilisema ya kulia.

Alikinyanyua mbele ya taa. Makovu yalikuwa palepale. Lakini nyuzi zilizokuwa zimeachana zilikuwa zimetulia, hazikuendelea kuachana, na hakuona tundu jipya hata moja. Alichota maji kwa kiganja, akayamwaga juu yake. Yalipita polepole, yakadondoka kwenye karai yakiwa meupe, na juu yake hapakuwa na povu la kutaja.

"Kizuri," alisema Dobi. "Si kipya. Lakini hiki mimi ningekirudisha kabatini bila aibu."

"Sisi hatutaki kabati," ilisema ya kushoto. "Tunataka kazi."

Fundi alikuwa amesimama mlangoni na mswaki. Akainama aibebe ya kushoto, lakini ilimpungia mkono. Ikarudi nyuma hatua, ikakimbia, ikaruka, ikaingia mahali pake kwa mara moja. Ya kulia ikafuata, pamoja na mgongo wake mpana.

Fundi alipiga makofi, mtu ambaye hakuwahi kupiga makofi hata kwenye harusi yake. Majirani wakachungulia juu ya ukuta, wakauliza kuna nini, wakaambiwa, wakapiga makofi nao. Kiwandani, majibu ya vipimo vipya vya Dobi yalifika kutoka kwa Sista kabla ya saa ya chai. Povu lilikuwa limepungua mpaka karibu kutoonekana, na presha ilikuwa imeshuka ikakaa. Wanawake waligonga makarai kwa miiko ya mbao, wakamwinua Dobi kwenye shuka kubwa ya hoteli, mmoja kila pembe na wengine kandokando, wakamrusha juu kama mtoto. Shuka haikuchanika. Chiriku aliimba wimbo aliotunga papo hapo, usio na adabu sana, na msimamizi akajifanya hasikii.

Jioni Dobi alikwenda kliniki kumshukuru Sista. Akamkuta anafunga mfuko wake, vichupa vikigongana ndani. Walikumbatiana. Kisha Dobi akashika njia ya korido, akiwa na chupa ya maji safi mkononi.

Mlango wa chumba cha vipimo ulikuwa umepakwa rangi mpya. Wakubwa walikuwa wamepita wiki ile, wakatazama jengo, wakaridhika. Kufuli lilikuwa lilelile. Fundi wa rangi alikuwa amelipaka nalo.

Dobi alichuchumaa akajaza bakuli.

"Nani huyo?" iliuliza sauti ndogo.

"Mimi dobi."

"Yule aliyezitoa za mpiga pasi?" Kulikuwa na msongamano nyuma ya mlango. "Mama, sisi ni figo za mzee wa kofia ya sufu. Yule anayekaa mwisho wa benchi. Tumekaa sana. Tumwambieje?"

Dobi aligeuka. Yule mzee alikuwapo, ametoka kupimwa mkono, anavaa kofia yake aende nyumbani. Alimwendea, akakaa karibu naye.

"Mzee wangu, kuna siku ulinifutia benchi," alisema. "Chooni kwako mnamwaga maji gani?"

Walizungumza kwa sauti ya chini. Baadaye mzee alivua kofia, akaishika mapajani, akaifikiria. Sista alifungua tena mfuko wake, akapanga upya, akapata nafasi ya kichupa kimoja. Baada ya hapo mfuko haukufungika, akaushika hivyohivyo, wazi, akatoka kulikimbilia basi.

Dobi alirudi mlangoni kuchukua chupa yake.

"Za mzee zitaitwa majibu yakija," aliziambia zilizokuwa ndani. "Kesho kutwa, pengine."

"Na sisi wengine?" iliuliza sauti nyingine, na nyuma yake nyingine, na nyuma yake nyingi, hata asiweze kuzitofautisha. Kisha zikanyamazishana, na moja ikasogea mpaka chini ya mlango, karibu na bakuli, ikasema kwa adabu, kama mtu asiyetaka kuonekana anasumbua:

"Mama, kesho ukitoka kazini, utupitie tena."